Kanga za bibi na shoga yake: niwape makumbusho? Na kwenye kadi niandike nini?

binti_ngamiani

Wajameni, asalaam aleikum.

Niko Tanga mjini, Ngamiani. Barabara ya ngapi sisemi, maana najua humu mna majirani zangu wanaosoma kila kitu na hawaandiki neno.

Bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, alifariki mwaka jana. Hakujaliwa mtoto. Aliozwa kigori huko Pangani, ndoa haikukaa, akarudi Tanga kwa ndugu zake, na haukupita muda akahamia kwa shoga yake. Hapo hakutoka tena, hata shoga mtu alipotangulia mbele ya haki. Mie nimelelewa nyumba hiyo tangu darasa la kwanza, kwa hiyo ninayosema si ya kusimuliwa. Walilala kitanda kimoja cha samadari, chandarua kimoja. Shoga mtu alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani. Bibi alikuwa wa mkono: kofia, foronya za kudarizi, vitambaa vya meza. Mteja akileta nguo isiyotaka mashine anaambiwa, "Hiyo mpelekee mwenzangu ndani." Mtaani waliitwa "wale wenyewe". Ukiuliza wale wenyewe ni kina nani, unaambiwa we mtoto una maswali mengi.

Bibi ameacha tranka la bati, rangi ya kijani iliyobanduka. Ndani mna kanga, bahasha ya picha za studio, barua kadhaa zilizofungwa kwa uzi wa kudarizia, daftari la upatu na kaseti moja.

Kanga ndizo zilizonishangaza. Si doti, ni vipande. Kila kanga ni kipande kimoja, mwenzake hayupo. Kwanza nilidhani kuna mtu ameshapitia tranka kabla yangu (nyie mnazijua familia zetu). Halafu nikakumbuka: walikuwa wakinunua doti moja, wanakata, huyu kipande na huyu kipande. Wakitoka kwenda shughulini wako sare, mmoja kajifunga juu ya gauni, mwingine kajitanda. Kuna moja imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Hiyo waliivaa kwenye harusi ya nyumba ya tatu, nyumba iliyokuwa ikiwasema sana, wakakaa mstari wa mbele. Mama mpaka leo akikumbuka hucheka mpaka anashika ukuta.

Sasa, kuna kina dada wana chumba hapa mjini, wanataka kukigeuza makumbusho madogo ya maisha ya wanawake wa mwambao: unyago, lelemama, upatu, ufundi. Na wamenieleza wazi kwamba wanataka ndani yake wawemo pia wanawake waliopendana na kuishi pamoja, ambao hakuna makumbusho ya serikali yatakayowaweka. Wameniomba tranka.

Mjomba anataka kanga zigawiwe sadaka kama desturi. Mama mkubwa mmoja anasema barua zichomwe, na alisema hivyo kabla hata hajaambiwa zina nini. Mie nataka vitu vikae pamoja. Ila nikifikiria ile kadi itakayobandikwa chini ya kanga, kalamu inakuwa nzito. Bibi mwenyewe hakuwahi kujiita kitu. Niandike nini?

mpita_njia77

Dada, hao walikuwa marafiki tu. Bibi zetu wote wamelala na mashoga zao kitanda kimoja, zama hizo vitanda vilikuwa vya kuhesabu. Mnachukua mambo ya Ulaya mnawavisha marehemu wasioweza kujitetea. Gawa kanga sadaka, zimfae huko aliko.

binti_ngamiani

Ndugu yangu, nimekusikia. Ila vitanda havikuwa vya kuhesabu. Chumba cha uani kilikuwa na vitanda viwili, kimoja tulilala sisi watoto na kingine kilikaa miaka na miaka kikiwekewa mito ya wateja. Mie sijawavisha kitu, ndiyo maana nimekuja kuuliza. Lakini na wewe hukuwahi kufika nyumba ile. Hiyo "tu" umeitoa wapi?

mtanga_ughaibuni

Mimi ni wa Makorora, maisha yamenileta Brooklyn, New York. Nakuandikia kwa sababu huku kuna nyumba iliyoanza kama tranka lako.

Inaitwa Lesbian Herstory Archives. Mwaka 1974 wanawake wachache, wakiwemo Joan Nestle na Deborah Edel, waliona kwamba maisha ya wanawake wanaopenda wanawake yanapotea kwa mwendo uleule watu wanavyoyaishi: mtu akifa, ndugu wanaingia chumbani, barua zinachomwa, picha zinachanwa katikati. Wakaanza kukusanya. Hawakuwa na jengo. Vitu viliwekwa kwenye stoo ya chakula ya fleti ya Nestle, vikajaa, vikatambaa mpaka sebuleni, na wageni wakawa wanapokelewa humohumo anamoishi mtu. Mwaka 1993 ndipo wakafungua milango ya nyumba yao wenyewe, nyumba ya ghorofa mtaa wa Park Slope, iliyonunuliwa kwa michango midogomidogo ya watu.

Nimeingia humo. Usitegemee makabati ya vioo na mlinzi wa kukufokea. Anayekufungulia mlango amejitolea, unakaa mezani, unaletewa boksi. Kuna fulana, kuna beji za maandamano, kuna shajara za watu ambao hakuna gazeti liliwahi kuwataja. Msimamo wao tangu mwanzo ni kwamba huhitaji kuwa maarufu ili maisha yako yatunzwe, na kwamba mkusanyiko ukae ndani ya jamii yenyewe, usihamishiwe chuo kikuu ambako mwenye mali atahitaji kitambulisho kuuona.

Kilichonifurahisha zaidi ni rafu za vitabu. Vimepangwa kwa jina la kwanza la mwandishi, kwa sababu jina la ukoo mwanamke hupewa na baba au mume. Audre Lorde utamkuta kwenye A.

Na kuna mtu mmoja humo ungependa kumjua: Mabel Hampton, mwanamke mweusi aliyezaliwa 1902. Ujanani alikuwa mcheza dansi, baadaye akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mwaka 1932 alikutana na Lillian Foster, wakaishi pamoja mpaka Foster alipofariki 1978. Nestle alikaa naye na kinasa sauti, akamrekodi akisimulia mwenyewe. Leo huwezi kusema Mabel na Lillian walikuwa marafiki tu, kwa sababu sauti yake ipo. Bibi yako hakupata mtu wa kumwekea kinasa sauti. Amekupata wewe.

Ushauri wangu: toa. Na kwenye kadi usimung'unye maneno. Andika walipendana.

wakili_wa_pwani

Nitakuwa mfupi.

Kwanza, tranka si lako. Ni la warithi wote. Kaeni kikao, mwandikishane hata karatasi ya kawaida. Mkishindwa kukubaliana kutoa hiba, toeni amana: mali inabaki ya familia, makumbusho yanaitunza na kuionyesha, mkiitaka mnarudishiwa. Hapo mjomba wako anaweza kulegea.

Pili, sheria. Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kujamiiana kinyume na maumbile, na adhabu yake inaanzia miaka 30. Hakiwataji wanawake kwa wanawake kwa jina. Zanzibar waliwataja, mabadiliko ya 2004, kifungo mpaka miaka 5. Vyote hivyo vinahusu tendo. Kanga ya marehemu haimo.

Hatari yako iko kwenye lile daftari la upatu. Humo mna majina, na wengine wa hao wako hai au watoto wao ni jirani zako. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaowashuku. Serikali kuu ikajitenga, ikasema hayo ni maoni yake, lakini watu walikuwa wameshaanza kuhama nyumba. Halafu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za maisha ya kimapenzi ya mtu kuwa taarifa nyeti. Daftari likiwekwa chumba kimoja na kanga hizi, kila mwanamke aliyewahi kucheza upatu kwa bibi yako atasomwa kwa jicho lilelile. Litoe.

Na usipige picha za vitu hivi ukazitupia kwenye magrupu.

bi_mkubwa_wa_chuda

Mwanangu binti wa Ngamiani, nimesomewa haya na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeniandikia, mimi macho hayataki tena maandishi madogo ya simu.

Nyumba unayoisema nadhani naijua. Kama siyo hiyo, basi ilikuwapo nyingine kama hiyo, maana hawakuwa peke yao. Zama za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarab ikipigwa, wanawake tulikwenda kwa makundi, na kila kundi na sare yake. Walikuwamo wawili wawili waliokuwa wakienda kutunza pamoja. Mmoja anatoa noti, mwenzake anaipokea mkononi, anakwenda kuibandika kwa mwimbaji, kisha wanarudi kwenye kiti wameshikana vidole. Tuliona. Wengine walisema, wengine hawakusema, lakini shughuli ikifika kadi ya mwaliko iliandikwa majina yote mawili. Huwezi kumwalika mmoja.

Huyo bwana anayesema mambo ya Ulaya, hayo ya Ulaya sisi tungeyatoa wapi? Mimi kwenda mbali ni Mombasa.

Lakini na wewe mtoto wa Makorora uliyeko Marekani, subiri kidogo. Mabel alisema kwa kinywa chake. Hawa hawakusema. Mtu aliyefunga jambo lake miaka yote ile hakulifunga kwa kusahau. Walikuja wasomi Mombasa, mmoja akaandika habari za wanawake kama hawa, ikachapishwa 1987, na ninavyoambiwa mpaka leo wanabishana huko vyuoni kama alipatia au hakupatia. Waliosemwa hakuna aliyewarudia kuwauliza.

Andika ulichokiona wewe. Kitanda ulikiona. Kanga umezishika. Mwenye kuelewa ataelewa.

Barua ziko kwa hati gani?

binti_ngamiani

Shikamoo bibi. Ziko kwa hati za Kiarabu lakini nadhani ni Kiswahili, maana pale juu nimeweza kusoma "mpenzi" nikaishia hapo, nikaona haya. Chuo cha Kurani niliacha kabla sijajua vizuri. Waliandikiana mwaka ambao shoga mtu alikwenda Mombasa kumuuguza dada yake.

Kuzisoma nitahitaji mtu. Nimewaza mwalimu wa madrasa yetu, nikacheka peke yangu.

bi_mkubwa_wa_chuda

Marahaba. Hati hizo mimi nazisoma, ndizo nilizofunzwa. Na miwani ninayo. Ila sisomi barua za watu.

mtanga_ughaibuni

Bi mkubwa, shikamoo. Nakubali kwamba hawakusema. Lakini fikiria binti wa miaka ishirini wa hapo hapo Tanga, anadhani yuko peke yake duniani, anaingia chumba hicho anatafuta. Tukiandika "wanawake wawili waliokaa pamoja" atapita mbele ya kanga hiyo na asijue. Kuficha nako ni kuamua kwa niaba ya marehemu.

Na hili si la Marekani peke yake. Berlin kuna Spinnboden, wameanza 1973. Glasgow kuna Glasgow Women's Library, imeanza 1991, leo ni maktaba na makumbusho yanayotambuliwa rasmi, na mkusanyiko wa wanawake wanaopendana uliokuwa London ulihamia kwao 1995 ulipokosa pa kukaa. Johannesburg kuna GALA tangu 1997. Wote hao wamepitia swali la kadi.

mstaafu_wa_makumbusho

Binti, mimi niko Bagamoyo, nimestaafu baada ya miaka mingi ya kuandika hizo kadi mnazogombania. Nyingi nilizoandika zilikuwa za minyororo na pembe za ndovu. Kanga niliandika chache mno, na hiyo ni aibu ya makumbusho zetu nzima, maana nchi imevaa kanga zaidi ya miaka mia.

Hao wawili wanaobishana wote wana haki, ila wanabishania kitu kimoja kana kwamba hakuna viwili. Kuna kadi ya ukutani na kuna daftari la usajili. Kadi inasomwa na kila mtu, mpaka mtoto wa shule na mjumbe wa mtaa. Humo weka kinachoonekana na kilichoshuhudiwa. Daftari linakaa ndani, na humo unaandika yote: nani katoa, nani kasimulia, alisikia au aliona, familia imeridhia nini, na kitu kimeorodheshwa chini ya vichwa gani ili anayetafuta akipate. Chini ya "wanawake waliopendana" orodhesha bila kuogopa, pamoja na "ufundi wa kushona" na "sare za shughuli". Yule binti wa miaka ishirini akiuliza, mhudumu anafungua daftari anampeleka mpaka kwenye kanga. Asiyeuliza anaona kanga.

Sasa nikuulize jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Doti ikikatwa, ule upande uliokatwa hufumuka usipotiwa upindo. Upindo wa vipande ulivyonavyo umetiwa kwa mkono au kwa cherehani? Nenda ukaangalie, na uangalie upande wa nyuma.

Utunzaji. Bati la tranka linatoa kutu na hewa ya Tanga ni ya chumvi. Toa kila kitu, tandika ndani kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara nyingi bila wanga. Usifukize udi. Najua kila bibi wa pwani amefukiza nguo zake, na harufu hiyo usihangaike kuitoa, lakini usiongeze moshi mpya juu ya pamba kuukuu. Vile vidonge vyeupe vya kabatini toa. Kanga usizikunje palepale zilipokunjwa miaka yote, uzi unakatikia hapo. Omba duka la vitambaa wakupe roli tupu za majora, zizungushie kitambaa kwanza, halafu viringisha kanga.

Ukiona vijitundu au vumbi kama unga, kuna wadudu. Kanga hiyo tia kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, tia mfuko wa pili, weka kwenye friza wiki mbili. Umeme ukikatika siku nzima, anza kuhesabu upya. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka ipoe kabisa na jasho la nje likauke. Picha na kaseti usigandishe.

Namba usiiandike kwenye kanga kwa kalamu. Andika kwenye kitepe cha pamba, kishikize pembeni kwa mishono miwili ya uzi. Tarehe itafute kwenye ukingo: ukikuta chapa ya Urafiki, haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kiwanda hakikuwapo. Ukikuta "Mali ya Abdulla", hiyo ni ya wenye duka wa Mombasa, na ni chapa ya zamani iliyoendelea kutumika, kwa hiyo isikupe haraka ya kusema ni kongwe. Picha geuza nyuma, studio nyingi zilipiga muhuri.

binti_ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Nimekwenda kuangalia nikarudi nimekaa chini.

Vyote ni cherehani.

Bibi yangu alikuwa fundi wa mkono. Mtu aliyedarizi foronya za nusu ya mtaa, hakutia upindo hata kanga yake moja. Kila kipande kimepita kwenye mashine ya mwenzake. Nimegeuza nyuma kama ulivyosema: uzi wa juu na wa chini rangi tofauti, na ile ndiyo ilikuwa tabia yake shoga mtu, akimaliziamalizia uzi wa wateja kwenye vitu vya nyumbani.

mstaafu_wa_makumbusho

Marahaba. Basi vitafute vipande vya pili.

binti_ngamiani

Nimechelewa kurudi, mniwie radhi. Mambo yamekwenda hivi.

Kikao kilikaa. Mjomba alikuja na hadithi ya sadaka, wakili akanisaidia bila kuwapo, maana nilipotamka amana badala ya hiba mjomba alikaa sawa kwenye kiti. Tumekubaliana kanga mbili zisizo na historia yoyote ninayoikumbuka zitolewe sadaka kwa jina la bibi, zilizobaki ziende kwa amana. Mama mkubwa wa kuchoma barua hakubadilika mpaka nilipomwambia hakuna atakayezisoma. Zimetiwa kwenye bahasha, tumepiga sahihi watu wanne juu ya gundi, zisifunguliwe kwa miaka 50. Akauliza, "Hata wewe?" Nikamwambia hata mimi. Hapo akalia, sikumuuliza kwa nini. Nadhani yeye anajua zaidi yangu, na ndiye aliyewahi kutumwa posta.

Daftari la upatu limebaki kwangu. Nimelifungia.

Vipande vya pili: ndugu za shoga mtu wako Pongwe. Nilikwenda kwa mpwa wake, mama mtu mzima, nikidhani nitafukuzwa. Akanitilia chai. Kanga za shangazi yake ziligawiwa sadaka baada ya arobaini, kwao hakukuwa na mtu wa kuuliza. Ila moja aliizuia yeye kwa sababu ndiyo aliyobebea wanawe wote watatu, mbeleko. Akaingia ndani akaitoa. MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA, imepauka, na pale kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, imekuwa nyembamba unaona vidole upande wa pili. Upindo ni wa mkono. Mishono midogo kama ufuta, ileile ya kofia. Mtu angeweza kuupitisha kwenye mashine nusu dakika, mashine ipo barazani, na hakuupitisha.

Kulikuwa na kipande kingine kimefanywa pazia la choo, hakina upindo upande wowote, sijui cha lini. Hicho nimekiacha.

Mpwa amekubali kutoa kwa amana, kwa sharti moja. Anataka shangazi yake aandikwe kwa jina lake mwenyewe, bin fulani wa fulani kamili, asiandikwe "shoga wa". Nikamwambia bibi yangu naye ataandikwa hivyohivyo. Majina yenyewe humu siyaweki, yatakuwa kwenye kadi kwa atakayefika.

Kadi nimeiandika hivi, mnirekebishe:

"Kanga, doti moja, pamba. Ilinunuliwa Tanga. Doti ilikatwa na kuvaliwa na wanawake wawili, fulani na fulani, walioishi pamoja nyumba moja Ngamiani mpaka kifo. Kipande cha kushoto kilivaliwa na mdarizi, upindo wake umeshonwa kwa cherehani na fundi. Kipande cha kulia kilivaliwa na fundi, upindo wake umeshonwa kwa mkono na mdarizi. Baadaye kilitumika kubebea watoto wa mpwa wake. Amana ya familia mbili."

Kwenye daftari la ndani nimeorodhesha kama mzee alivyosema, na vichwa vyote vitatu.

mpita_njia77

Mdarizi na fundi kwenye kadi umewapanga vizuri. Mimi bado nasema ni marafiki. Ila hizo kanga zisigawiwe.

bi_mkubwa_wa_chuda

Bin ni ya mwanamume, mwanangu. Andika binti.

mtanga_ughaibuni

Nimesalimu amri kwa kadi. Ila kina dada wa chumba waambie wakae na mpwa wa Pongwe na kinasa sauti wakati bado anatoa chai. Na mama mkubwa pia, akitaka.

binti_ngamiani

Bi mkubwa, ni haraka ya vidole, nimesahihisha. Kaka, mpwa nimeshamwambia, amesema aje mtu mmoja tu na asiwe mwanamume.

Imebaki kaseti. Upande A umeandikwa "Harusi", upande B hauna kitu. Nimeshaitia kwenye redio ya mama nataka kubonyeza.

mstaafu_wa_makumbusho

USIBONYEZE.

Itoe polepole. Itazame kwenye mwanga, kwenye kile kidirisha: ukiona weupe kama unga juu ya mkanda ni ukungu, usiicheze kabisa, mpelekee mtu anayejua kusafisha. Kama ni safi, chukua penseli, tia kwenye tundu, zungusha kwa mkono mbele na nyuma uone kama mkanda umeshikana. Angalia na kile kisponji kidogo kinachobana mkanda, mara nyingi huwa kimebanduka. Redio iliyolala miaka kabatini ndiyo inayokula kaseti. Na siku ya kuicheza, iwe imeunganishwa na kompyuta inarekodi tangu sekunde ya kwanza, maana huenda ikakubali mara hiyo moja tu.

binti_ngamiani

Nimeitoa. Weupe sioni, ila kisponji hakipo.

Kuna mtu hapa Tanga mjini ana dekii nzima ya kaseti, iliyotumika karibuni? Sio ya kununua, ya kuazima, nitakuja nayo mwenyewe na nitakaa hapo hapo mpaka iishe.